Baada ya Wiki ya 16



Kwenye mashamba ya chai ya Bulwa, mchumaji akipata sonona, wa kwanza kushtuka anaweza kuwa karani wa mizani. Mama aliyezoea kuleta kikapu kimefurika sasa analeta nusu, tena majani yaliyokomaa, wakati kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Homa hana, kikohozi hana. Chakula hakipiti, usingizi hauji. Majirani watasema ana mawazo. Wengine, kuna mkono wa mtu.

Akibahatika kushuka hospitali ya Muheza atapewa vidonge, na baada ya wiki kadhaa atachangamka, kikapu kijae. Hapo ndipo anapoacha dawa. Nani atoe nauli kufuata tiba ya ugonjwa asiousikia tena mwilini? Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa hizo ziendelee miezi 9 hadi 12 baada ya mtu kupata nafuu, kwa sababu sonona ina tabia ya kurudi.

Wamarekani waliliona hili zamani. Waliwatibu wagonjwa kwa wiki 16, wengine kwa mazungumzo, wengine kwa vidonge, kisha wakawafuatilia kwa mwaka mmoja na nusu. Matokeo yaliyotoka 1992 yalikatisha tamaa: katika kila kundi, waliopona na kubaki wazima hawakuzidi theluthi.

Twende Uganda sasa, maana huko wiki 16 zilizaa kitu kingine. Mwaka 2002, katika vijiji vya Rakai na Masaka vilivyochakazwa na ukimwi, watu wenye dalili za sonona waliwekwa kwenye vikundi, wanawake kwao na wanaume kwao. Walikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, wakizungumzia misiba, ugomvi wa nyumbani, upweke. Waliowaongoza walikuwa wenyeji waliofunzwa kwa wiki 2 tu. Kabla ya kuanza, asilimia 86 walikuwa na sonona. Walipomaliza, asilimia 6.5. Vijiji ambavyo havikupata vikundi vilibaki na zaidi ya nusu. Miezi 6 baadaye, kati ya waliopitia vikundi, wenye sonona walikuwa asilimia 11.7 tu.

Na hapa ndipo mimi ninapotia kituo: vikao rasmi vilikwisha, vikundi vikaendelea kukutana vyenyewe. Sidhani kama nafuu ile ingedumu hivyo kama kila mtu angerudi kwake kujifungia.

Huku kwetu, ng'ambo ya bonde la Lwengera, tunayo Lutindi, hospitali ya akili ya Walutheri tangu 1904, inayojulikana kwa kuwashirikisha wagonjwa shambani na kwenye kazi za mikono. Ni hazina, ila kitanda cha Lutindi ni cha aliyezidiwa. Huyu mama wa Bulwa anataka watu watakaomwuliza hali wiki ya 17, na ya 30.

Watu hao wapo. Vikoba vinakutana kila wiki, na asipofika mwanachama, wenzake wanajua sababu kabla ya jioni. Mhudumu wa afya wa kijiji afundishwe kuongoza kikao kama vile vya Uganda, apewe saa moja na nusu baada ya hisa kuhesabiwa. Na vidonge vya miezi ile 9 vipatikane zahanati ya karibu, ili mchumaji asipoteze ujira wa siku nzima akivifuata Muheza.