Chozi na Maua ya Uani

Sogeeni karibu na redio, na katika kila kikundi mwandishi awe tayari na daftari na kalamu, maana mwisho wa somo yako maswali ya kujadiliana.

Leo nawajibu barua ya mama mmoja anayekaa karibu na Mtabila, wilayani Kasulu. Anasema kijana wake alimwonyesha katika simu picha za watu wa Marekani ambao hutundika chupa nyekundu za maji ya sukari uani, na ndege wadogo sana huja kunywa. Naye anataka kutundika chupa kama ile. Lakini mumewe amekataa. Anasema sukari ni ya watoto, tena ndege hao ndio waharibifu wa ndizi, na amewaruhusu vijana wawapige kwa manati. Mama anauliza: Je, chupa ile itafaa huku kwetu? Na je, ni kweli kwamba ndege hawa wanaharibu ndizi?

Maswali haya ni mazuri. Tuyachukue moja moja, lakini kwanza tumjue ndege mwenyewe.

Ndege wale wa Marekani huitwa kolibri. Wako aina zaidi ya 300, na wote hukaa katika mabara ya Amerika tu. Mdogo kuliko wote yuko kisiwa cha Kuba, na uzito wake ni kama gramu 2 tu. Kolibri hupiga mabawa upesi mno hata huweza kusimama hewani mbele ya ua, na kurudi nyuma bila kugeuka. Basi, hata ukitundika chupa mia moja pale Mtabila, kolibri hatakuja.

Lakini usikate tamaa, kwa maana sisi tunaye wetu, naye ni chozi. Chozi na kolibri si ndugu. Wanafanana kwa sababu ya kazi, kama vile wahunzi wawili wa nchi mbalimbali wanavyofanana mikono. Wote wawili hutafuta mbochi, yaani maji matamu yaliyo ndani ya ua, na kwa hiyo wote wawili wana mdomo mrefu mwembamba. Tofauti yao utaiona mara moja ukitulia. Kolibri hunywa akiwa hewani, bali chozi hupenda kutua juu ya shina au kikonyo cha ua, akainama, akapeleka mdomo wake ndani. Huweza kuelea hewani kidogo, lakini haraka huchoka. Kumbuka jambo hili, maana tutalihitaji tutakapofika kwenye chupa.

Ulimi wa chozi ni mrefu, nao umejikunja kama mrija. Mwaka 2025 wataalamu walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba chozi huvuta mbochi kwa ulimi huo kama mtu anavyonyonya kinywaji kwa mrija. Kolibri hafanyi hivyo, ulimi wake hunasa maji kwa namna nyingine.

Huku nyanda za juu za Kigoma wako chozi wa aina kadhaa. Yuko mweusi mwenye kifua chekundu kama kaa la moto. Yuko mdogo mwenye mgongo wa kijani unaong'aa na tumbo la njano. Yuko pia mwenye rangi ya shaba na mkia mrefu. Lakini hao ni madume. Majike wamevaa nguo za kazi, rangi ya majani makavu au ya kijivu, na watu wengi huwaona kila siku wasijue kwamba ni chozi.

Jike ndiye mjenzi. Kiota chake huning'inia katika tawi kama kifuko, na mlango wake uko ubavuni. Hukijenga kwa nyasi, majani makavu na utando wa buibui, na ndani hutandika vitu laini kama manyoya na sufi ya mimea. Kwa kawaida hutaga mayai mawili, na huyaatamia peke yake. Makinda wakitoka, hulishwa wadudu na buibui, maana maji matamu peke yake hayajengi mwili. Hata chozi wazima hula wadudu. Kwa hiyo mahali penye chozi pana mla wadudu pia, na hiyo ni faida kwako wewe mwenye bustani.

Tena chozi ni mkali. Huenda umemwona akipigana na kivuli chake katika kioo cha pikipiki. Si mwendawazimu. Anadhani ameona chozi mwingine amevamia maua yake. Miaka ya 1970 wataalamu wawili, Frank Gill na Larry Wolf, waliwachunguza chozi wa mabawa ya dhahabu nchini Kenya, karibu na Ziwa Naivasha. Waliona kwamba kila ndege hulinda shamba lake la maua. Mashamba hayo yalitofautiana sana kwa ukubwa, lakini hesabu ya maua ndani yake ilikaribiana, nayo ilikuwa kiasi cha kumtosha mwenyewe kwa siku. Kumfukuza mwenzake humla nguvu karibu mara tatu ya zile anazotumia akinyonya maua. Basi maua yakiwa mengi kila mahali, haoni sababu ya kugombana, na yakiwa machache mno, ugomvi haumlipi. Mkulima gani hajui hesabu hiyo?

Sasa tuje kwenye ndizi. Ni kweli chozi huonekana sana katika lile ua kubwa jekundu linaloning'inia mwisho wa mkungu. Anafuata mbochi. Lakini ndizi zetu za kulima hazihitaji chavua ili zizae. Hukua zenyewe, ndiyo maana hazina mbegu. Kwa hiyo chozi akinyonya pale haili ndizi yako wala haipunguzi. Hapo baba amemwonea.

Hata hivyo baba asicheke wala mama asishangilie, kwa maana liko jambo kubwa zaidi. Uko ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ule unaofanya majani yanyauke na ndizi ziive kabla ya wakati na kuoza ndani. Ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukathibitishwa kwa jirani zetu wa Kagera. Vijidudu vyake hutoka katika utomvu wa ua dume na hupelekwa na nyuki na wadudu wengine, na ndege na popo pia wameshukiwa. Dawa ya kuuponya mgomba haipo. Kwa hiyo mkungu ukiisha kutoa kichane cha mwisho, yafaa ulivunje ua dume mapema, na ulivunje kwa mti wenye panda, si kwa kisu. Kisu hubeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba.

Basi kumbe hukumu ni hii: kosa si la ndege, bali ua dume liondolewe. Kumpiga chozi kwa manati hakuukingi mgomba hata mmoja, maana nyuki wako palepale, na hakuna awezaye kumpiga nyuki kwa manati. Lakini ukiondoa maua ya migomba yote, umeondoa mezani chakula cha chozi. Utamlipa nini?

Tuitazame chupa. Ukitaka kujaribu, fanya hivi. Chukua kikombe kimoja cha sukari nyeupe na vikombe vinne vya maji. Chemsha, koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha acha ipoe kabisa. Usitie asali, maana huota ukungu upesi na kuwadhuru ndege. Usitie rangi wala sukari guru. Tia maji hayo katika chupa ndogo safi yenye tundu dogo, ufunge kitambaa chekundu shingoni, na chini ya tundu ufunge kijiti, kwa sababu chozi wetu anataka mahali pa kutua. Itundike kivulini kwa kamba uliyoipaka mafuta mazito, ili siafu na sisimizi wasishuke. Kila siku ya pili mwaga yaliyobaki, uoshe chupa kwa maji ya moto, utie mapya. Kama huwezi kuosha chupa, usitundike. Maji yaliyochacha ni sumu, wala si ukarimu.

Kazi hiyo ni nyingi, na sukari inagharimu. Tena kuna hasara nyingine. Karibu na Cape Town, Afrika Kusini, wataalamu walichunguza chupa kama hizo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Waliona kwamba chupa zilizotundikwa majumbani ziliwavuta chozi kutoka katika maua ya pori lililo jirani. Na chozi akiacha maua, nani atayapelekea chavua? Iko mimea inayomtegemea yeye. Anaponyonya, chavua humshika usoni, naye huipeleka ua jingine. Mshahara wake ndio ile mbochi.

Kwa hiyo jibu langu kwa mama ni hili: panda maua. Chupa utaiosha kila siku ya pili, bali mti ukiisha kushika huendelea wenyewe.

Wa kwanza ni mwamba-ngoma, mti wenye miiba na maua mekundu kama moto. Jirani zetu Warundi huuita umurinzi, maana yake mlinzi. Huchanua wakati wa kiangazi ukiwa hauna majani, yaani wakati ule maua mengine yamekwisha. Huhitaji kununua mche. Kata tawi nene, uliache likauke kidogo mahali palipokatwa, ulichomeke ardhini mvua zinapokaribia. Ukipanda mengi kwa mstari umepata ua wa boma. Ila waonye watoto, kwa maana mbegu zake nzuri nyekundu zina sumu. Wa pili ni mshubiri, unaovumilia ukame. Wa tatu ni lile jani refu la kando ya mashamba lenye maua ya rangi ya machungwa, yaliyopangwa kama vitufe vyenye miiba kuzunguka shina. Hapa ndipo wale chozi wa Naivasha walipokuwa wakilinda mashamba yao. Usiling'oe lote unapopalilia, acha machache pembezoni.

Nawaambia haya hasa watu wa Mtabila. Hapo palikuwa na kambi kubwa ya wakimbizi kutoka Burundi, mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Watu maelfu wakipika kila siku kwa kuni, miti haiwezi kubaki kama ilivyokuwa. Hatumlaumu mtu aliyekimbia vita akakata kuni za kuwapikia wanawe. Lakini deni la miti limebaki, nalo linalipwa na aliye hapo leo. Mwamba-ngoma mmoja nyuma ya nyumba ni sehemu ya malipo.

Na vile vijana wenye manati? Msiwapige. Wapeni kazi. Mpe kijana daftari, aandike kwa wiki moja ni chozi wa rangi gani amekuja, saa ngapi, na katika ua gani. Aliyekwisha kumhesabu ndege siku saba, hiyo ya nane atauona mkono wake mzito kuvuta mpira.

Haya, sasa maswali ya kikundi:

1. Kwa nini chozi haharibu ndizi, na kwa nini ua dume liondolewe hata hivyo?

2. Katika kijiji chenu, ni mimea gani huchanua kiangazi? Nani anaweza kutoa matawi ya kupanda?

3. Baba na mama wa barua yetu, nani alikuwa na haki, na katika jambo gani?

Andikeni majibu yenu, na mvua za kwanza zisiwakute hamjachomeka tawi hata moja. Kwaherini, mpaka somo lijalo.