Fedha za Askari na Dawa za Raia

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama, Gatina



Katika mkutano uliopita mwanachama mmoja aliuliza swali akachekwa kidogo, lakini sisi hatukucheka. Aliuliza: jeshi lina kazi gani na dawa? Mbona jeshi la nchi ya mbali lichunguze malaria na ukimwi hapa Kenya? Ni nani alipaye, na ni nani aamuaye kwamba leo tuchunguze hiki na kesho tuache kile? Tumeombwa kujibu, na leo tutajaribu.

Swali hilo si la wasomi peke yao. Wako kati yetu waliofagia maabara, walioendesha magari ya miradi, na waliotembea nyumba kwa nyumba wakiandika majina ya wagonjwa, na mwanzo wa mwaka 2025 wakaambiwa warudi nyumbani wangojee. Mfanya kazi hawezi kujua amdai nani ikiwa hajui mshahara wake ulianzia katika mfuko gani.

Tuanze karibu. Kila mmoja wetu amepita Kariakor. Jina lile ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, nasi tukaligeuza kwa midomo yetu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1914 na 1918, serikali ya Kiingereza iliwachukua wapagazi kwa mamia ya maelfu wabebe risasi na chakula, kwenda kupigana na Wajerumani katika nchi iliyoitwa Tanganyika baadaye. Kwa hesabu ya serikali yenyewe walikufa zaidi ya 40,000, na wengi wao hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, na malaria, na homa ya mapafu, na unga ambao haukuiva. Majeshi yote ya dunia yalijifunza somo hilo kwa bei ya watu wa namna hii: ugonjwa wapunguza jeshi kuliko adui.

Basi jeshi lifanyapo uchunguzi wa dawa, haliulizi ni ugonjwa gani unaoua watu wengi duniani. Lauliza: ni ugonjwa gani utakaomlaza askari wetu pale tutakapompeleka, na utamlaza siku ngapi? Mwaka 2003 Marekani ilipeleka askari Liberia. Walioteremka nchi kavu walikuwa mia mbili na zaidi, na katika muda mfupi 80 hivi walishikwa na malaria. Kwa mkubwa wa jeshi, hiyo ni hasara kama ya vita vilivyopotea. Kwetu sisi tuliozaliwa Siaya au Busia, malaria ni mgeni wa kila mwaka. Homa ni ile ile, lakini vitabu viwili tofauti vya hesabu vyaiandika.

Mfano mkubwa ni vita vya Vietnam. Katika miaka ya 1960 klorokwini ilianza kushindwa, na askari wa pande zote mbili waliugua msituni. Jeshi la Marekani likaagiza kituo chake cha utafiti, kiitwacho Walter Reed, kitafute dawa nyingine, nacho kikajaribu madawa zaidi ya 200,000. Katika hayo yote yaliyofaa yalikuwa machache mno, na mojawapo ni meflokwini, iliyopata kibali nchini Marekani mwaka 1989. Upande wa pili, Wavietnam wa Kaskazini waliwaomba Wachina msaada, na tarehe 23 Mei 1967 Uchina ikaanzisha mradi wa siri wa kijeshi, ukaitwa Mradi 523 kwa sababu ya tarehe hiyo. Humo ndimo Bibi Tu Youyou na wenzake walimotoa dawa ya artemisinini katika jani ambalo waganga wa Kichina walilijua tangu zamani. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Sasa, ndugu zetu, ile dawa ya AL unayopewa zahanati ukirudi kutoka nyumbani baada ya Krismasi huku watetemeka, ndiyo mtoto wa mradi ule. Sehemu zake zote mbili zilitokana na kazi ya Wachina wale, na Kenya iliichagua kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2004. Aliyeianzisha hakuwa akimfikiria mchukuzi wa Kawangware. Alifikiria askari msituni. Faida yetu ilifika kwa mlango wa nyuma, nasi hatuikatai, lakini tusisahau mlango ilimopitia.

Tuje kwenye mipango yenyewe, na hapa twaomba subira, maana ni mambo ya makaratasi. Kwa Wamarekani, ambao ndio tunaowaona hapa, kazi huanza kwa hati ya mahitaji. Wakubwa wa jeshi huandika: twataka kidonge cha kumezwa mara moja kwa wiki, kisichoharibika kwenye joto, kisichomzuia askari kuendesha gari. Hati hiyo huingizwa katika hesabu za miaka mitano mbele. Kisha fedha hugawanywa kwa hatua: fungu la uchunguzi wa mwanzo, fungu la kujaribu wazo, fungu la kujaribu kwa watu, na kadhalika. Kila fungu lina namba yake, na huwezi kulichota la hatua moja ukalitia katika hatua nyingine bila ruhusa. Rais hupeleka ombi Bungeni, wabunge hukata au huongeza, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Oktoba. Baina ya hatua na hatua huketi baraza la kuamua: mradi huu uendelee au ufe?

Miradi mingi hufa. Isiyokufa huchelewa. Dawa ya tafenokwini ilipatikana Walter Reed mwaka 1978, ikapata kibali mwaka 2018. Hesabuni wenyewe: miaka 40. Aliyeingia kazini siku ile akiwa kijana alikuwa amekwisha kustaafu. Tena jeshi halina kiwanda cha kutengeneza vidonge kwa wingi, kwa hiyo mwishoni lazima lishirikiane na kampuni, na kampuni huuliza swali lake mwenyewe, nalo ni moja tu: ni nani atakayenunua?

Maswali hayo mawili, la jeshi na la kampuni, yalikutana katika chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Kazi yake ilianza mwaka 1984, jeshi la Marekani likishirikiana na kampuni ya dawa. Jeshi lilitaka chanjo ya mtu mzima ambaye hajapata kuugua malaria, tena imkinge karibu kabisa. Chanjo haikufikia hapo. Kama ingalikuwa kazi ya jeshi peke yake, huenda ingaliwekwa kabatini. Lakini kwa mtoto wa Afrika hata nusu ya kinga ni uhai, na tangu mwaka 2001 fedha za hisani za Bill Gates ziliingia kupitia shirika la PATH ili kazi iendelee kwa ajili ya watoto. Ikajaribiwa kuanzia mwaka 2009 hadi 2014 kwa watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika. Kwetu ilijaribiwa Kilifi, Siaya, na Kombewa karibu na Kisumu, na kituo cha Kombewa ni cha KEMRI pamoja na hao hao Walter Reed. Kwa watoto waliochanjwa mara nne malaria ilipungua kwa asilimia 36 hivi katika miaka minne. Ilianza kutolewa Kenya, huko Homa Bay, mwezi Septemba 2019, na Shirika la Afya la Dunia likaipendekeza mwezi Oktoba 2021. Yaani kitu kilichomshinda askari kilimfaa mtoto, kwa sababu mtu wa pili alikuja na mfuko wa pili.

Jeshi hilo lilikujaje Kenya? Lilialikwa na serikali yetu mwaka 1969 kuchunguza malale, likajenga kituo cha kudumu mwaka 1973, na baadaye likafanya kazi pamoja na KEMRI, ambayo ilianzishwa mwaka 1979 na makao yake yako Barabara ya Mbagathi, hapo chini ya Kibera. Kazi zake zimekuwa Nairobi, Kisumu na Kericho.

Kericho twataka kukaa kidogo, maana wa Kericho ni wafanya kazi kama sisi. Kuanzia mwaka 2003, watu wapata 2,800, wachumaji wa majani ya chai na jamaa zao, walikubali kupimwa damu mara kwa mara ili ijulikane virusi vya ukimwi vyaeneaje na kama mahali pale pafaa kujaribiwa chanjo. Mradi wa ukimwi wa jeshi la Marekani ulikuwa umeanzishwa mwaka 1986, kwa sababu askari nao huambukizwa. Mwaka mmoja baada ya uchunguzi wa Kericho kuanza, fedha za msaada za PEPFAR zikaja, na watu wakapata dawa. Twasema wazi kwamba dawa zile ziliokoa maisha, na asemaye vinginevyo hakumwona mgonjwa wa mwaka 2000. Lakini angalieni: utafiti ulilipwa na fungu la ulinzi, na dawa za mgonjwa zililipwa na fungu la msaada, na yote mawili yalikaa chini ya paa moja. Rais wa Marekani aliposimamisha misaada ya nje tarehe 20 Januari 2025, fungu moja ndilo lililoguswa, lakini mfagiaji, dereva na mshauri wa wagonjwa hawakujua wao wameandikwa katika lipi. Wengi walijua siku walipokuta mlango umefungwa.

Sasa tuwaeleze jambo ambalo chama cha wafanya kazi kinapaswa kulisikia kwa masikio mawili. Wanawake wa Marekani waliougua saratani ya matiti, na jamaa zao, waliungana mwaka 1991 wakapeleka Washington barua zipatazo 600,000. Walitaka fedha za utafiti. Wakaambiwa hazipo, maana sheria ya bajeti ya wakati ule ilikataza kuhamisha fedha za ulinzi kwenda kazi za raia. Ndipo Seneta Tom Harkin akaona njia: ikiwa fedha haziwezi kutoka jeshini, basi utafiti na uingie jeshini. Katika bajeti ya mwaka 1993 dola milioni 210 za saratani ya matiti zikawekwa chini ya jeshi. Jeshi halikuziomba, wala saratani hiyo si ugonjwa wa vitani. Mpango huo ukakua ukachukua magonjwa mengine mengi, na wagonjwa wenyewe huketi pamoja na wataalamu, wakatoa maksi zao, wakisema mradi huu walipiwe na ule usilipiwe.

Lakini kilichotolewa kwa kura huondolewa kwa kura. Mwaka 2024 mpango ule ulipewa dola milioni 1,500 hivi, na mwaka 2025 ukapewa 650. Maabara zilipunguziwa kazi huko kwao pia, nao wana watoto na kodi ya nyumba.

Tukirudi kwetu, mchumaji wa chai alitoa damu lakini hakuketi katika meza ya kugawanya fedha. Ziko kamati za kuangalia maadili ya utafiti, na ziko kamati za wenyeji wa vituo, nazo zafanya kazi njema ya kumlinda mtu asidanganywe. Hata hivyo hizo huitwa wakati mpango umekwisha kuandikwa. Nani aliyeuliza watu wa Gatina kama wangependa uchunguzi wa vumbi la mawe linaloingia vifuani mwa wajenzi, au wa moshi wa majiko ya mama wanaokaanga samaki, au wa maji ya mtaro? Jeshi la ng'ambo halitauliza, na si kazi yake kuuliza. Bunge lake si Bunge letu.

Bunge letu lina sheria yake. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 yasema serikali itatia katika Mfuko wa Taifa wa Utafiti asilimia 2 ya pato la nchi kila mwaka wa fedha. Haijatimizwa hata mara moja. Wengine watasema nchi ni maskini. Sawa, lakini kwa nini basi iliandikwa? Mwajiri akiandika mkataba wa mshahara asioulipa, sisi twajua la kufanya.

Katiba ya mwaka 2010 yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Kila mwaka taarifa ya mwelekeo wa bajeti hupelekwa Bungeni kabla ya tarehe 15 Februari, na makadirio yenyewe kabla ya tarehe 30 Aprili, na watu huitwa watoe maoni. Mara nyingi ukumbi huwa mtupu, au hujazwa na watu waliopewa nauli. Kamati ya tawi imeamua kwamba safari hii tupeleke barua yenye mambo mawili: kwanza, ile asilimia 2, serikali itaje itafikiaje na kwa miaka mingapi, pili, mradi wowote wa utafiti wa tiba unaolipwa na fedha za nje umweleze kila mfanya kazi, ndani ya mkataba wake, fungu linalomlipa na siku linapokwisha.

Barua iko mezani kwa katibu. Ambaye hasomi vizuri atasomewa, na mwenye la kuongeza aliseme kabla hajatia sahihi, si baadaye kwenye matatu. Itaondoka Jumatano.