Kijiji Chetu na Ushirika: Maneno ya Katibu katika Sikukuu ya Mwaka wa Kumi



Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii ambayo chama chetu kikuu kimetimiza miaka kumi. Wenzetu wamekwisha kunena juu ya hesabu na maghala. Sisi tumeombwa tueleze habari za kijiji, kwa kuwa chama hakikushuka kutoka mawinguni, bali kilizaliwa vijijini, hapa katika miteremko ya Kilimanjaro.

Kabla ya kahawa palikuwa na mfereji. Wazee wetu waliyafuata maji ya mito huko juu mlimani, wakayaongoza kwa mifereji mpaka vihambani mwao. Kila mfereji ulikuwa na wazee wake na sheria zake. Zamu ya kila mtu ilijulikana, na ukingo ulipobomoka, wote waliotumia maji walitoka kuutengeneza. Asiyetoka alitozwa faini, au alinyimwa maji. Hapo ndipo tulipojifunza ushirika, kabla haujaandikwa katika sheria yo yote.

Na kihamba ni shule ya namna hiyo hiyo. Mgomba hukinga mbuni na jua kali. Chini yake humea magimbi na maharage. Ng'ombe hukaa bandani, majani yake yakiletwa kutoka bondeni, mengi yake juu ya vichwa vya akina mama, na samadi hurudi mgombani. Ndizi hutupa mtori wa nyumbani na mbege ya sherehe. Kahawa hutupa karo ya watoto na mabati ya nyumba. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua ukulima wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa dunia katika kilimo.

Kahawa ilifika kwetu kwa wamisionari wa Kilema katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Walowezi wengi hawakupendezwa kumwona Mwafrika akilima arabika. Kwa hiyo mwaka 1925 wakulima walianzisha chama cha kuilinda kahawa yao, na Joseph Merinyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 K.N.C.U. ikaanza kazi. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu nchini. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Tena mwaka 1989, mapatano ya mataifa juu ya kahawa yalipovunjika, bei ilianguka, na wako waliong'oa mibuni wakapanda mahindi. Lakini ushirika, mfano wa mfereji, hubomoka ukatengenezwa.

Ndugu wanachama, sikukuu si siku ya kusifiana tu. Yako mambo mawili yapasayo kusemwa mbele yenu.

La kwanza ni daftari la wanachama. Wakati wa mavuno, ni nani achumaye kahawa nyekundu moja moja? Ni nani aimenyaye, aioshaye, aigeuzaye juu ya kichanja, na kuikimbiza ndani mvua inyeshapo? Mara nyingi ni mama wa nyumba. Lakini siku ya malipo jina liitwalo ni la baba peke yake, naye mama hana kura katika mkutano. Katika mfereji, mwenye kuchimba ndiye mwenye maji. Twaomba mkutano mkuu ukubali majina ya akina mama, na ya vijana wanaolima, yaandikwe daftarini kwa haki kamili.

La pili ni kahawa iuzwayo ingali mtini. Mwanachama hubanwa na karo ya mtoto, akapokea fedha kidogo, na mavuno yakaenda kwa mwingine. Tumezoea kumkemea mtu huyo. Lakini chama kisichomkopesha mwezi wa Januari hakina uso wa kumlaumu mwezi wa Agosti. Twapendekeza sehemu ya faida itengwe kila mwaka kwa mikopo ya karo, irudishwe mizanini wakati wa mavuno. Naye atakayekopa, kisha akapeleka kahawa yake kwingine, ajue amekata ukingo wa mfereji wa wenzake.

Vihamba vyetu vinagawanywa vipande vidogo, na vijana wanautazama mji. Hatuwezi kuwazuia kwa maneno. Tutawazuia kwa kahawa inayolipa na kwa chama wanachokiona ni chao. Wazee walisema: kidole kimoja hakivunji chawa.

Ushirika udumu.