UMBALI WA GARI KUSIMAMA: MAMBO YAPASAYO KUZINGATIWA NA MADEREVA



Dereva anapoiona hatari, gari halisimami pale pale. Kwanza hupita muda tangu jicho lione hadi mguu ukanyage breki. Kwa dereva mwenye afya na aliye makini, muda huo hukadiriwa kuwa sekunde 1. Katika sekunde hiyo, gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11, na linalokwenda kilomita 80 hupita mita 22, hali breki bado haijaguswa.

Baada ya hapo ndipo breki hufanya kazi yake. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa breki huzidi mara nne. Katika lami kavu, gari zima linalokwenda kilomita 40 huhitaji kiasi cha mita 9 zaidi, na la kilomita 80 huhitaji mita 35. Jumla yake ni mita 20 kwa la kwanza, na mita 57 kwa la pili.

Na uchukuliwe mfano wa mtoto atokaye chuoni, akakatisha njia mita 25 mbele ya gari. Dereva wa kilomita 40 atasimama kabla ya kumfikia. Dereva wa kilomita 80 atakuwa ndiyo kwanza amekanyaga breki, na gari litamfikia mtoto likiwa na mwendo unaozidi kilomita 70. Hapo ustadi haufai kitu.

Pamoja na mwendo, yako mambo mengine yanayorefusha umbali huo:

(a) Mvua. Nyakati za Masika na Vuli, lami iliyorowa huweza kuuongeza umbali wa breki maradufu. Matone ya mwanzo yana hatari yake, kwani huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika njiani.

(b) Mipira. Mpira uliolika ukawa kipara hauwezi kuyatoa maji yaliyo chini yake, na gari huteleza.

(c) Breki. Mafuta ya breki yaliyokaa muda mrefu hunyonya maji. Yakipata joto kali, breki hulegea. Aliyepita kwenye dimbwi na azikanyage breki kidogo kidogo ili zikauke.

(d) Mzigo na miteremko. Gari lililojazwa kupita kiasi huzichosha breki, hasa katika vilima kama vile vya Pemba. Inapasa kuteremka kwa gia ndogo.

(e) Dereva mwenyewe. Usingizi, ulevi na simu ya mkononi huirefusha ile sekunde 1.

Kwa hiyo, madereva wote, wakiwemo wa gari za Serikali, wanahimizwa kukagua mipira na breki kabla ya safari, kuachia nafasi ya kutosha nyuma ya gari jingine, na kupunguza mwendo karibu na skuli, vyuo na masoko. Mwenda pole hajikwai.