Kalamu Kabla ya Kompyuta: Kujifunza Kukokotoa Safari ya Uchafu Katika Maji ya Chini ya Ardhi, Kasense



Programu za kukokotoa safari hii ya uchafu ninazozizungumzia hazinunuliwi. MODFLOW, ya idara ya jiolojia ya Marekani, ilitolewa mwaka 1984 na hadi leo inapakuliwa bure. MT3D, aliyoitengeneza Chunmiao Zheng mwaka 1990, huchukua mtiririko uliokokotolewa na MODFLOW na kufuatilia uchafu uliomo. ModelMuse, programu ya tatu, humwondolea mwanafunzi adha ya kuandika mafaili ya namba tupu. Kijana mwenye kompyuta ya kawaida atatoa ramani yenye wingu jekundu linalotambaa kutoka chooni hadi kisimani, na ramani hiyo itatoka hata kama kila namba aliyoingiza ni ya kubahatisha. Kwa hiyo ninapendekeza mafunzo yetu yaanze na kalamu na karatasi.

Tuchukue mfano wa darasani. Kisima kifupi kiko mita 30 kwenye mteremko chini ya choo cha shimo. Kanuni ya Henry Darcy, mhandisi Mfaransa aliyeichapisha mwaka 1856, inatosha kwa kuanzia: zidisha upenyevu wa tabaka kwa mwinamo wa maji, kisha gawanya kwa sehemu ya tabaka iliyo wazi kupitisha maji. Upenyevu ukiwa mita 0.5 kwa siku, mwinamo 0.01 na uwazi 0.1, maji yanakwenda sentimita 5 kwa siku. Yatafika kisimani baada ya siku 600. Sasa badilisha uwazi tu, uwe 0.01, kama inavyoweza kuwa ndani ya mwamba wenye nyufa. Siku 600 zinakuwa 60.

Hapa Ufipa namba hiyo ya uwazi si jambo dogo. Tumekalia miamba ya kale ya ukanda wa Ubendi: juu udongo, chini yake mwamba uliooza, halafu mwamba mgumu uliopasuka hapa na pale. Kisima cha kuchimba kwa jembe na sururu kwa kawaida huishia kwenye mwamba uliooza. Cha mashine hushuka hadi kwenye nyufa. Kata moja, majibu mawili. Anayenakili uwazi kutoka kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mchanga wa pwani atapata jibu la pwani.

Lazima pia tuseme ni uchafu gani. Vimelea wengi wa kinyesi hufa au hunaswa udongoni kabla ya siku 600 kwisha. Nitreti haing'ang'anii udongo, na penye oksijeni ya kutosha haipungui. Itafika tu, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Utafiti wa Kisumu uliochapishwa mwaka 2013, katika mitaa ya Manyatta na Migosi, uliona kwamba wingi wa vyoo ndani ya mita 100 ulikwenda sambamba na nitreti na kloridi kisimani, lakini si na bakteria wa kinyesi. Simshangai anayeshangaa. Vimelea wana njia fupi zaidi: ndoo iliyowekwa chini, kamba, mdomo wa kisima usio na kingo. Modeli ya mtiririko haina habari na ndoo.

Tukishafika kwenye kompyuta, mtego wa kwanza ni gridi. Mwanafunzi huigawa kata kwa miraba ya mita 100, kwa kuwa inapendeza na inakokotolewa haraka. Choo na kisima vinaweza kuangukia kwenye mraba mmoja, na programu inavihesabu kuwa mahali pamoja! Hata kwa mita 20 wingu linatanuka kwa sababu ya hesabu yenyewe, wala si kwa sababu ya ardhi. Kwa safari ya mita 30, kipimo cha kuanzia cha mtawanyiko, yaani jinsi uchafu unavyosambaa njiani, ni kama moja ya kumi ya safari, mita 3, na mraba usizidi mara mbili ya hapo. Mita 6, basi. Mtego wa pili ni vipimo: ukiacha programu kwenye sekunde huku upenyevu wako ni wa kwa siku, umezidisha kasi mara 86,400.

Jambo lililo gumu kuliko yote halimo kwenye programu. Mwinamo wa 0.01 maana yake ni tofauti ya mita 3 tu kati ya visima vilivyo mita 300 kutoka kimoja hadi kingine. Simu ya mkononi inaweza kukosea kimo kwa zaidi ya hapo, na modeli ikapeleka uchafu mlimani. Tumieni mpira mwembamba unaoonyesha maji, ule wa mafundi ujenzi wa kusawazisha msingi, mhamishe usawa hatua kwa hatua kutoka kisima hadi kisima. Visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja vinatosha kuonyesha maji yanaelekea wapi.

Kuhusu mvua, wastani wa mwaka haufai. Kumbukumbu za miaka 55 za Makutupora, Dodoma, zimeonyesha kwamba ardhi hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa. Kwetu mvua ni Novemba hadi Aprili, na mbolea hutiwa humo humo. Anayetumia urea na anayefukia majani kwenye matuta ya intumba hawaachii nitrojeni kwa kasi moja, kwa hiyo mashamba yao yasiingizwe kwenye modeli kwa namba moja.

Ninaloomba kwa kikundi cha mafunzo cha Kasense ni vipimo vya kina cha maji mwishoni mwa Oktoba na tena mwishoni mwa Aprili, kwa utepe uleule, kutoka alama ileile iliyochorwa kwenye kingo ya kila kisima, pamoja na kipimo cha nitreti siku hiyohiyo. Vya Oktoba vitumike kuirekebisha modeli. Vya Aprili vifichwe hadi modeli iwe imeshatoa utabiri wake.