Tusome Vema Maneno ya Serikali

(Mazungumzo na familia zilizohama na viongozi wao, Kindu)



Leo tunazungumza juu ya yale ambayo Serikali inaandika kwenye tovuti zake. Wengi wetu hatuzifungui wenyewe. Kijana mwenye simu ndiye anatusomea. Lakini maneno hayo yanatugusa sana, hasa yanaposema kwamba usalama umerudi kijijini kwetu.

Kuchanganya habari na siasa si jambo geni. Wakati wa Zaire, Katiba iliyorekebishwa mwaka 1974 iliyafanya mawazo ya Mobutu kuwa mafundisho ya chama cha MPR, na chama kikawa ndiyo dola. Kindu ilichukuliwa na AFDL mwaka 1997, kisha na RCD Oktoba 1998. AFDL ilikuwa na neno «ukombozi» katika jina lake, RCD ilikuwa na «demokrasia». Wananchi walisikia maneno hayo mazuri huku wakikimbilia msituni.

Baada ya uchaguzi wa 2006 tulisikia «Cinq Chantiers», mwaka 2011 «Révolution de la Modernité», na tangu 2019 «Le Peuple d'Abord». Neno la wanasiasa linakuwa jina la kazi ya Serikali. Hapo barabara ya fedha za wote inaonekana kama zawadi ya mtu mmoja.

Kifungu cha 24 cha Katiba ya 2006 kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari, na vyombo vya habari vya Serikali ni huduma ya umma, vifunguliwe kwa mielekeo yote ya siasa. Kwetu sisi, tovuti nazo zifuate roho hiyo.

Hatusemi kila neno la Serikali ni uongo. Tangazo la chanjo ya watoto lifuatwe. Ila kabla ya kuamua, tuulize maswali matatu:

1. Hili ni tangazo au ni sifa? Tangazo la kweli linataja mahali, siku na ofisi inayohusika. Sifa inataja kiongozi tu.

2. Limeandikwa lini, na nani ametia sahihi? Usalama wa mwezi uliopita si wa leo.

3. Nani mwingine anathibitisha? Tusikilize Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, na tuwaulize waliotoka huko juzi.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 juu ya wakimbizi wa ndani zinasema kurudi kuwe kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima. Tovuti haiwezi kuamua mahali pa mama mwenye watoto.

Ninyi viongozi, mnaposomea watu, tenganisheni habari na sifa. Na neno linaloita kabila la jirani adui, hata likitoka ofisi kubwa, lisipite mdomoni mwenu. Amani inalindwa pia na wanaosoma kwa makini.