Herufi za Magunia Yetu: Maneno ya Katibu katika Mkutano wa Kutimiza Miaka Kumi



Katika miaka hii kumi tumesikia hotuba nyingi juu ya bei, mizani na mbolea. Leo twaomba ruhusa kusema juu ya jambo ambalo halijapata kupewa hotuba, nalo ni zile herufi zipakwazo rangi ubavuni mwa gunia. Gunia halina mdomo. Likisha kutoka ghalani mwetu hupita katika mikono ya watu wasiotujua, na la kuwaambia ni mali ya nani ni hizo herufi tu.

Wengi mtakumbuka msimu ule magunia ya chama kimoja cha msingi yaliposomwa kuwa ya chama kingine. Namba yake ilikuwa na 8, ila upande wa kushoto wa tarakimu hiyo ulikuwa umekatika mahali pawili, na karani katika ghala la mbali akaisoma 3. Hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini wakulima wale walingoja fedha zao muda mrefu, barua zikienda na kurudi, na baadhi ya wazee wakaanza kunong'ona kwamba katibu wao amezila. Minong'ono hiyo ilituuma kuliko kule kungoja.

Asili ya taabu ile ni bati la kuchapia. Herufi hukatwa katika bati zikawa matundu, na rangi hupitia humo. K, S, U na L hukatwa bila shida. Lakini O ina kiini ndani yake: ukikata duara la nje, kiini huanguka, nawe wabaki na tundu tupu. Kiini hicho twakiita kisiwa, na kipande cha bati kinachoachwa ili kukishika twakiita daraja. Jina la KASULU lina kisiwa kimoja tu, cha A. Jina la KIBONDO lina visiwa vitano: viwili vya B, kimoja cha D, na viwili vya O zake mbili. Basi wenzetu wa Kibondo wasidhani ni upendeleo wa ofisi bati lao likivunjika mapema.

Fundi akatapo kwa tindo huacha daraja pale mkono unapoona wepesi. Hatumlaumu, maana hakupewa mchoro. Lakini daraja likiwekwa ovyo hubadili maana. Tarakimu 8 yenye madaraja yote mawili kushoto hufanana na 3, na 6 iliyokatika ubavu wa kushoto chini huelekea kuwa 5. Katika alama ya Shirika la Kimataifa la Kahawa, ambayo huandikwa kwenye magunia yaendayo ng'ambo, mna namba ya nchi, namba ya msafirishaji na namba ya fungu. Hizo zote ni tarakimu, wala hapana neno la kumsaidia msomaji kukisia.

Siku hizi kuna njia ya kuchora herufi hizi kwa kompyuta na kuzikata kwa mwali wa leza. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Ile ya hewa ya kaboni, ambayo mafundi wa mabango huitumia sana, ilibuniwa na Kumar Patel mwaka 1964. Programu ya kuchorea iitwayo Inkscape, iliyoanza mwaka 2003, haina malipo, na kompyuta ya kawaida ya ofisini huiendesha.

Kazi yenyewe huenda hivi. Twaandika jina kwa herufi kubwa nene, tukipima kwa milimita. Kisha twaigeuza maandishi kuwa mistari, jambo lisilopasa kusahauliwa kabisa: usipofanya hivyo, na kompyuta ya mkataji ikawa haina aina ile ya herufi, itaweka nyingine yoyote, na madaraja yako yatakuwa yamewekwa bure. Baada ya hapo twachora mstatili mwembamba juu ya herufi na kuiamuru programu iuondoe mstatili huo kutoka katika herufi. Pengo libakilo ndilo daraja. Kwa 8 na 0 twapendekeza mstatili mmoja wa wima upite katikati toka juu hadi chini, ili kila kisiwa kishikwe pande mbili na tarakimu ibaki na mabega yake yote. Kisiwa kilichoshikwa upande mmoja hupinda brashi inapopita.

Juu ya upana wa daraja tumebishana sana ofisini. Mwali hula chini ya nusu milimita, nalo si neno. Kinachotisha ni gunia la juti, kwa kuwa nyuzi zake hunywa rangi na kuieneza. Kwa herufi ya sentimita 5, sisi twashikilia milimita 4 au 5. Wapendao uzuri watasema ni nene mno. Na waseme; karani wa ghala hasomi kwa kupenda uzuri.

Tena lazima mjue bamba la kukatwa. Leza ndogo hukata plastiki ya akriliki na karatasi ngumu. Bati la chuma hutaka mashine yenye nguvu zaidi. Plastiki ya PVC isikatwe kamwe, kwani hutoa moshi wenye sumu ya klorini, unaomdhuru fundi na kuila mashine. Rangi nayo isiwe ya mafuta ya taa, maana kahawa hunasa harufu upesi kama maziwa yanavyonasa moshi.

Je, tununue mashine? Hapana. Mashine hutaka umeme usioyumba, vioo vya kubadilisha na mtu aliyefunzwa, na gharama hiyo haistahili kutwikwa kilo za mkulima. Ila mchoro uwe mali yetu. Faili likikaa ofisini na nakala yake ikawekwa mahali pengine, bati likichakaa twapeleka faili kwa mkataji yeyote mjini, na 8 ya mwaka huu itakuwa ile ile ya mwaka ujao. Na fundi wetu wa bati asiachwe: mchoro huo huo ukipigwa chapa kwa kipimo chake kamili, ataubandika juu ya bati na kuufuata kwa tindo yake.

Karatasi za majaribio zipo mezani karibu na mlango. Makatibu wa vyama vya msingi waombwa kusoma jina na namba ya chama chao wakiwa wamesimama hatua kumi mbali, kisha watie sahihi. Palipo na shaka, hata ya tarakimu moja, pazungushiwe kalamu nyekundu, na karatasi zirudi kwetu kabla magunia ya msimu hayajagawanywa.